Maneno Chini ya Picha

Kambini, Mohammadpur, Dhaka
11 Februari 1990

Mdogo wangu Mazhar,

Assalamu alaykum. Sisi huku wazima, kwa kipimo cha huku. Goti linaniuma nikikaa chini kushona, na nisiposhona hatuli, kwa hiyo mimi na goti tumekubaliana kuumwa. Tarannum hajambo. Ametimiza miaka kumi na tisa na ana ulimi kama wembe. Watu wanasema kaurithi kwa mjomba wake. Nawaambia acheni, huo ni wangu. Mzee Hashmat anakusalimu. Bado anatusomea majarida yenu ya zamani kila Ijumaa baada ya sala, ila macho yamekwisha, siku hizi anasoma yale anayoyakumbuka na sisi tunamwacha. Nisalimie Naseema na watoto.

Sasa nije kwa lililonifanya ninunue stempu. Tarannum ameposwa. Kijana anaitwa Delwar, ndiye anayetuletea sari na shanga za kudarizi kutoka New Market na kuja kuzichukua zikiisha. Ni Mbengali wa nje ya kambi, ana nyumba ya matofali, mama yake mpole. Hataki kutoka kwetu, kama ilivyo desturi ya huku, pikipiki wala redio wala godoro. Anamtaka msichana tu, jambo ambalo hata mimi limenishtua.

Lakini akiolewa huko, jina lake linafutwa kwenye orodha. Unaijua sheria ya hapa: aliyeandikwa na Shirika baada ya vita vya sabini na moja kwamba anangoja kupelekwa Pakistani, akiolewa na mwenyeji basi amekuwa mwenyeji, na jina likifutwa halirudi. Na mimi sitaenda Karachi nikamwacha, wala sitaki kufia katika chumba hiki cha hatua sita kwa nne.

Nakuuliza wewe kwa sababu uko ndani. Tangu mwaka sabini na nne unaandika kwa mkono wako maneno ya Naya Daricha kabla hayajachapwa. Fungua majuzuu ya zamani, uniangalizie jarida lenu limelisema vipi Shirika, mwaka kwa mwaka, tangu siku ile hadi leo. Kama sifa zake zinapanda, tutangoja. Kama zinashuka, nimwoze mwanangu. Usinifiche kitu, Mazhar.

Dada yako,
Anjuman

*

Orangi, Karachi
20 Machi 1990

Dada yangu mpenzi, taa ya nyumba ya marehemu baba yetu,

Shikamoo, na baada ya salamu zisizo na idadi, natumaini waraka huu utakukuta katika afya na furaha. Sisi hatujambo. Naseema ana shinikizo la damu, daktari kamkataza chumvi, kwa hiyo nyumba nzima tumekatazwa chumvi. Sajid, mkubwa wangu, amepata kazi ya kuchapa kwa mashine. Mdogo anataka kuwa mcheza kriketi, nimemwambia kwanza awe mwosha vyombo.

Kuhusu ombi lako: majuzuu yako ghalani, chini ya tangi la maji, nusu yamevimba. Nimekaa siku mbili na mtunza ghala. Ah, Dada, ungeona juzuu la sabini na mbili! Shirika lipo kwenye jalada, ukurasa mzima, mkono mmoja mkubwa umeshika mkono mdogo, na juu yake: “Dunia Haijalala.” Ndani wametaja maofisa wake kwa majina, na wake zao, na wanavyopenda chai yetu. Mwaka wa sabini na nne kuna kurasa sita. Mwandishi wetu alipanda gari lao, akala nao, akasema wana “subira ya madaktari na haya ya wanawali.” Hati si yangu yote, lakini kichwa cha habari ni changu, nilikuwa na wiki ya tatu kazini.

Majuzuu ya sabini na tano kwenda mbele yako kwa mjalidi, yanatiwa majalada mapya. Yakirudi nitakuandikia. Kuhusu Tarannum, mpe baraka zangu. Jambo la ndoa halihitaji haraka.

Mdogo wako mtiifu,
Mazharul Haq

*

Mohammadpur
2 Mei 1990

Mazhar,

Assalamu alaykum na Idi njema iliyopita. Tulipika tambi kwa maziwa ya unga. Bibi wa chumba cha pili amefariki siku ya ishirini na saba ya Ramadhani, watu wanasema kapata kifo kizuri. Alikuwa namba 212 kwenye orodha. Mwanawe ameniuliza kama namba yake inahama kwa mtu mwingine. Nimemwambia simjui aliyefika juu hata nijue anayesogea.

Barua yako ina maua mengi, nimeitikisa halikuanguka tunda. Ya sabini na mbili ya nini? Nilikuwepo, hayo maziwa ya kopo niliyanywa mimi. Nilikuuliza ya baadaye. Na ni mjalidi gani huyo anayekaa na vitabu kumi na tano? Anavijalidi kwa ngozi ya nani?

Mama yake Delwar alikuja mwenyewe, akakaa kwenye kitanda, akanywa chai bila kunusa. Akasema, “Dada, mimi sikulazimishi. Lakini nataka jibu kabla ya Idi ya kuchinja, kijana hawezi kuning'inia kama kanzu kwenye kamba.” Baada ya kuondoka tuligombana. Nilimwambia Tarannum kwamba Shirika halijasema limeshindwa. Akaniambia: “Mama, hilo Shirika lina mtoto wa kiume? Kama halina, unanitunzia nani?”

Nilimpiga kibao. Kisha tukashona mpaka magharibi, na jani alilodarizi siku hiyo ndilo zuri kuliko yote ya mwaka huu. Anamtaka yule kijana, Mazhar. Nimemwona anavyohesabu shanga pole pole akiwa yupo.

Niambie ukweli. Ningoje au nisingoje? Idi ni mwanzoni mwa Julai.

Anjuman

*

Orangi
12 Juni 1990

Dada yangu,

Shikamoo. Joto la mwaka huu limeua kuku wote wa jirani. Naseema hajambo. Nisamehe kuchelewa, kazi zimebana.

Nimepata uliyoitaka. Nakunakilia kama yalivyo katika Naya Daricha:

“Ofisa mkuu wa Shirika amelihakikishia jarida hili kwamba meli ziko tayari na fedha zipo. Hakuna familia itakayosahauliwa. Ni suala la miezi, alisema, si la miaka.”

Basi, Dada. Subira yavuta heri. Msifanye jambo litakalowafutia majina kwa ajili ya miezi michache.

Mazhar

*

Mohammadpur
9 Julai 1990

Mdogo wangu, kipenzi cha mama yetu,

Barua yako iliingia siku nane kabla ya Idi. Niliisoma, nikaisoma tena, nikampelekea mzee Hashmat. Ilisomwa msikitini baada ya sala. Watu walilia, Mazhar, wanaume wenye ndevu walilia. Msomaji alipofika “hakuna familia itakayosahauliwa” mzee akasema, “Maneno haya nayajua. Hivi ndivyo wanavyosema wanapokuwa wakweli.” Tuligawa bisi za mchele kwa sukari guru. Mwana wa yule marehemu wa namba 212 ameanza kuuza mabati ya paa lake.

Nimemjibu mama yake Delwar. Nilikwenda mwenyewe, na nilivaa sari yangu ya mwisho, ili asidhani tunakataa kwa dharau. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, “Mkiwa melini, tupungieni mkono.” Hakusema kwa ubaya. Delwar alikuwa mlangoni anafunga mzigo wa sari. Aliendelea kuufunga ingawa ulikuwa umeshafungwa.

Tarannum hakunisemesha siku tatu. Siku ya nne akaniuliza Karachi kuna baridi kiasi gani. Nikajua amesamehe, au amechoka, kwa umri wake bado sijui kutofautisha.

Jambo moja. Hukuandika toleo ni la mwezi gani. Mzee Hashmat anataka kulitafuta, alitundike.

Dada yako mwenye furaha, Mungu akulipe,
Anjuman

*

Orangi
25 Agosti 1990

Dada,

Shikamoo. Kwetu salama. Ofisini wameleta kompyuta inayoandika hati yetu ya Kiurdu, nastaliki nzima, bila mkono wa mtu. Kijana mmoja wa miaka ishirini anabonyeza, hati inatoka imenyooka. Tulikuwa waandishi wanane, tumebaki watatu. Wanasema ni hati nzuri. Si mbaya.

Naseema anawasalimu. Nitaandika zaidi nikipata nafasi.

Mazhar

*

Mohammadpur
4 Novemba 1990

Mazhar,

Tarannum yuko hai na mimi niko hai. Hizo ndizo salamu.

Delwar ameoa mwezi uliopita, msichana wa Savar. Bado analeta sari. Sari ya bibi harusi wake tuliidarizi sisi, alituletea bila kusema ya nani. Tarannum alijua kwa jinsi alivyozungumza haraka. Akashona mpaka ikaisha, akakata uzi kwa meno, akamkabidhi, akamwambia, “Mwambie asiifue kwa maji ya moto.”

Sasa sikiliza. Zubaida, binti wa jirani aliyeolewa huko kwenu, amekuja kumwona mama yake. Amemletea bangili za kioo, zimefungwa kwa karatasi zisivunjike. Mama yake akanipa hizo karatasi, anajua napenda kusoma. Nikazinyoosha juu ya goti. Ni Naya Daricha, toleo la Machi 1986. Na katikati ya ukurasa niko mimi.

Ni mimi, mwaka wa sabini na mbili, nimesimama kwenye foleni, kopo la maziwa mkono mmoja, Tarannum mkono mwingine, ana mwaka mmoja, na ninacheka. Nakumbuka mtu aliyepiga. Alitukonyeza ili mtoto asilie, ndiyo sababu nacheka. Na chini yake imeandikwa: “Wazoefu wa kupokea: miaka kumi na minne ya kunyoosha mkono, na Shirika lililowafundisha.”

Ni hati yako. Usinidanganye tena. Nani alikufundisha kushika kalamu ya tete? Nani alikupakia udongo kwenye ubao wako kila asubuhi, akakupiga vidole kila ulipovuta mkia wa herufi kama mtu anayekimbia? Bado unauvuta vile vile. Umekaa kitini, umeitazama sura yangu, umechovya kalamu, ukaandika hayo.

Nilikwenda kwa mzee Hashmat kumwonyesha, na huko nikakuta la pili. Alimwambia Tarannum afungue sanduku lake la bati, amtafutie toleo lenye yale maneno ya meli, maana yeye alikuwa na uhakika analo. Tarannum akalipata. Neno kwa neno, Mazhar. Desemba 1974. Ulinakili ukaacha mwaka. Tarannum alilisoma kwa sauti mpaka mwisho, akalikunja, akalirudisha sandukuni, akamwambia mzee, “Ulikumbuka sawasawa, babu.”

Mabati ya yule mwana wa 212 yameshauzwa. Njia ya mwongo ni fupi, ila wewe umeitembeza kambi nzima.

Niandikie yote. Usipoandika, nitajua sina ndugu.

Anjuman

*

Orangi
6 Januari 1991

Dada Anjum,

Barua yako ilichukua wiki sita, nasikia huko kulikuwa na migomo. Nimekaa nayo wiki tatu. Sina salamu ninazostahili kutuma.

Nakuandikia kama ulivyoniomba mwanzoni. Hakukuwa na mjalidi. Majuzuu yote yalikuwa ghalani, na sikuhitaji hata kuyafungua, maana mkono wangu unayakumbuka.

Sabini na mbili hadi sabini na nne, Shirika ni malaika. Sabini na sita ndipo alama ya kuuliza inapoingia: “Shirika Limechoka?” Sabini na tisa wanaanza kulichora. Ni bwana mnene mwenye miwani, amelalia faili, kijibwa kinamkojolea kiatu. Wasomaji walipenda, akachorwa miaka minne mfululizo, kila mwaka anaongezeka unene. Themanini na tatu wanaandika alichokula mkutanoni: samaki wa aina gani, jibini ya wapi. Themanini na sita, uliyoisoma. Hapo hasira ilihama, Dada. Walipochoka kulicheka Shirika wakaanza kuwacheka wanaolingoja. Themanini na nane, habari moja, ukubwa wa kiberiti, karibu na tangazo la mafuta ya nywele. Themanini na tisa na tisini, hakuna. Nasema hakuna, nikiacha fumbo la maneno: “Hukutana mara kwa mara, halifanyi kitu,” jibu lake Shirika. Hakuna hata aliyeandika barua kulalamika.

Na wewe umo miaka hiyo yote. Kabatini kuna bahasha imeandikwa “Shirika,” na ndani yake kuna picha moja tu. Iliponunuliwa ilikuwa ghali, hakuna mhariri aliyekubali kununua nyingine. Kila habari ya Shirika, nzuri au mbaya, wanaitoa bahasha, wanakutoa wewe. Nilikutana nawe wiki yangu ya nne kazini. Mhariri akaniwekea picha mezani akasema, “Bwana Mazhar, andika: Tabasamu la shukrani.” Nilitaka kusema, huyu ni dada yangu. Nikaogopa wataona kwamba mimi ni wa kambini, nimeingia nchini kwa njia ya Nepal, na kazi nilikuwa sijaipata sawasawa. Nikasema nitasema wiki ijayo. Mara ya pili ukasemwa vibaya, nikaona kama nikisema sasa, wataniuliza mbona sikusema wakati unasifiwa. Nimeandika chini yako mara kumi na moja. Naona haya.

Uliponiuliza ungoje au usingoje, nilijua jibu. Nilijua tangu sabini na tisa. Lakini kukwambia “usingoje” ilikuwa kukwambia kwamba hutanijia kamwe, na mimi ndiye niliyekuacha huko mwaka wa sabini na tatu nikaahidi kukutangulia tu. Nilitaka mtu mmoja aendelee kuniamini. Nikachukua ya sabini na nne nikaikata kichwa. Nimemnyima Tarannum mume kwa uoga wangu. Hilo silijui la kulifanya.

Nimefanya moja tu. Toleo la mwisho la mwaka walitaka ukurasa wa picha za zamani, kujaza nafasi. Bahasha ikatolewa. Lilikuwa toleo la mwisho kuandikwa kwa mkono. Mhariri alitaka “Kumbukumbu ya siku za misaada.” Niliandika: “Anjuman Ara binti Abdul Bari, mdarizi, na binti yake Tarannum. Wako hai. Bado wanangoja. Ni dada wa mwandishi wa hati hii.” Nikalipeleka mwenyewe mtamboni. Limetoka. Nakuwekea ukurasa humu.

Jumatatu nilifukuzwa, wangenifukuza hata hivyo mwezi huu. Siku nane tangu toleo litoke nilikaa karibu na simu ya duka la chini. Nilidhani mtu angepiga, msomaji mmoja, mtu wa Shirika, mtu yeyote aulize hawa ni nani, wako wapi. Dada, hakupiga mtu. Hata mhariri hakukasirika sana. Aliniambia, “Bwana Mazhar, umri huu wote, kumbe ulikuwa na dada,” akaagiza chai.

Mazhar

*

Mohammadpur
24 Februari 1991

Mazhar,

Assalamu alaykum. Goti ni lile lile. Mzee Hashmat ana homa, anataka asomewe, na Tarannum anamsomea lolote lililo karibu, hata maandishi ya gunia la mchele. Wanauliza habari za Naseema, kama amerudi kula chumvi.

Sijakusamehe. Nilikusudia kukuandikia hilo tu, karatasi moja, na kufunga. Lakini limetokea jambo na sina mwingine wa kumwambia.

Ukurasa uliutuma katika bahasha nyembamba, postamasta akaufungua, na kabla haujanifikia ulikuwa umepita mikono ishirini. Nilipoupokea ulikuwa laini kama kitambaa. Asubuhi ya pili akaja Khairun, mjane wa fundi saa. Akasimama mlangoni, kajifunika vizuri kama anakwenda kwa hakimu. Akasema, “Dada Anjum, ndugu yako ameandika jina lako dunia nzima imeliona. Mwambie aandike na langu. Khairunnisa mke wa marehemu Moinuddin, fundi saa wa Santahar. Mwambie na mimi niko hai.”

Nikamwambia haiwi hivyo. Akaniambia, “Kwako imekuwa.” Akaweka mayai mawili juu ya kitanda na kukaa.

Kwa hiyo nikaandika. Nikasema ataondoka. Aliondoka, wakaja wengine wanne. Alasiri kulikuwa na foleni, Mazhar, foleni ya kweli, mpaka kwenye bomba. Wamevaa nguo za Idi. Kila mmoja ana jinsi anavyotaka aandikwe. Mmoja anataka jina la kijiji chake cha Bihar, mwingine anataka isemwe kwamba aliwahi kuwa mwalimu. Yule mwana wa 212 amekuja, sasa analala chini ya turubai, amesema, “Mwambie asisahau kuandika kwamba tuliuza mabati.” Hawalitaji Shirika tena. Wanakutaja wewe. Wanauliza una umri gani, una afya, kama kalamu unachonga mwenyewe.

Nilipaswa kuwaambia siku ya kwanza. Nilikuwa nimeisoma barua yako, najua huna kazi, najua kwamba siku nane hakupiga mtu. Kila nilipofungua mdomo, mtu alikuwa ananitajia herufi za jina la mama yake, na mimi nikawa ninaandika. Sikuwadanganya kwa neno. Nimekaa tu na kalamu mkononi. Sasa najua ilivyokuwa rahisi kwako, na hilo ndilo linaloniuma kuliko picha.

Nakutumia karatasi hizi. Ni majina arobaini na matatu. Usinijibu utafanya nini nayo.

Wa mwisho alikuja jana. Niliinua macho kuona ni nani, nikaona ni Tarannum, amesimama kwenye foleni nyuma ya Bibi Rabia, kwenye mlango wa chumba anacholala. Yeye aliyelicheka Shirika tangu anaota meno. Amechana nywele. Zamu yake ilipofika akapiga magoti mbele yangu kama wengine, hakuniita Mama, akasema, “Andika: Tarannum binti wa marehemu Ishtiaq Ahmad. Mtoto mchanga wa kwenye ile picha. Andika kwamba sijaolewa.”

Barua yako ilikuwa imekunjwa chini ya goti langu. Nilimtazama mwanangu. Nikamuuliza kama Ishtiaq Ahmad aliandike kwa kirefu au kwa kifupi.

“Kwa kirefu,” akasema.

Anjuman